Volti ngapi? Kuisoma na kuipanga jampa ya mazabodi

"Fundi, haiwaki. Nadhani ni umeme wetu wa kule Igoma, mdogo sana. Si unaweza kunipandishia jampa?"

Ombi kama hili, ambalo fundi yeyote wa kompyuta jijini Mwanza anaweza kulipata kabla hajamaliza chai ya asubuhi, limefunga mambo matatu katika fundo moja. Kuna umeme wa ukutani. Kuna umeme unaotoka kwenye paua saplai, lile kasha la umeme lililo ndani ya kompyuta. Na kuna umeme unaofika kwenye prosesa yenyewe, ile chipu kuu iliyokaa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Jampa ya volti, yaani kile kikofia cha plastiki kinachovalishwa pini za mazabodi, inahusika na huo wa tatu peke yake, na ndiko tutakakokaa muda mrefu. Ila hiyo miwili ya mwanzo tuimalize kwanza, maana ndiyo inayowapoteza watu.

Ukutani tunatakiwa kupata volti 230 za AC. Paua saplai inazipokea, inazigeuza kuwa DC, kisha inatoa volti 12, volti 5 na, kwa paua za ATX, volti 3.3. Kazi yake ni kutoa namba hizohizo hata umeme wa ukutani ukiyumba. Ukishuka hadi 200, ile 5 inabaki 5. Ukishuka mno, paua inashindwa, inajizima, na mashine inakata. Hakuna hali ya katikati ambapo umeme wa mtaani umepungua kidogo na prosesa nayo ikabaki na njaa hadi iongezewe kwa jampa. Ukimpandishia, mteja wetu ataondoka na prosesa iliyoungua, na umeme wa Igoma utabaki palepale. Anachohitaji ni stabilaiza au UPS, au aende TANESCO akaulizie laini yao.

Swichi pekee inayohusika na umeme wa ukutani iko nyuma ya paua nyingi za zamani, ndogo, nyekundu, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani au Japani huweza kufika ikiwa bado iko kwenye 115. Ukiichomeka hivyohivyo, saketi ya ndani inayozidisha volti mara mbili inafanya kazi yake bila kuuliza: mahali pa volti 325 hivi za DC, inalenga 650, zikigawanywa kwa kapasita mbili ambazo kila moja kwa kawaida imetengenezewa volti 200. Zinapasuka kwa kishindo, na harufu yake haitoki dukani siku hiyo. Iangalie swichi hiyo kabla hujagusa jampa yoyote.

Sasa prosesa. Zile 486 za mwanzo zilitumia volti 5, na hata Pentium za kwanza za mwaka 1993, za megahezi 60 na 66, zilikuwa hivyo. Hapakuwa na cha kuuliza: paua inatoa 5, chipu inakula 5. Kilichovuruga mambo ni joto. Joto la chipu hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo chipu ileile, kwa kasi ileile, ikitolewa kwenye 3.3 na kupewa 5, joto lake linazidi mara mbili. Watengenezaji walipotaka kasi kubwa zaidi ilibidi washushe volti, na kila mmoja akashusha kwa mwendo wake. Pentium zilizofuata zikaja na 3.3, nyingine 3.5 hivi. Januari 1997 Intel ikatoa Pentium MMX, iliyogawanya umeme mara mbili: kiini kinapata 2.8, na sehemu za pembeni zinazozungumza na mazabodi zinabaki na 3.3. Mwaka huohuo AMD ikaleta K6; zile za megahezi 166 na 200 zilitaka 2.9, ya 233 ikataka 3.2. Cyrix 6x86MX ilitaka 2.9. Mwaka 1998 ikaja K6-2, na nyingi kati ya hizo zilitaka 2.2.

Na zote hizo nilizotaja tangu MMX zinaingia kwenye soketi moja, Socket 7, yenye matundu 321. Soketi haikatai mtu. Unaweza kutoa chipu ya 3.3, ukaweka ya 2.2, ikakaa vizuri kabisa, ukashusha mkono wa soketi, ukawasha, ukaua. Pentium MMX ilikuwa na pini moja ya kujitambulisha kuwa inataka umeme wa aina mbili, na bodi nyingine ziliisoma. Lakini kujua kwamba kiini kinataka volti za kwake si kujua ni ngapi. Hiyo namba ilibidi mtu aiseme kwa mkono, na mahali pa kuisemea ni jampa.

Kompyuta za umri huo hukutwa hadi leo pale zilipofungwa na mashine nyingine: mizani ya kupimia magari kwenye kinu cha pamba, mashine ya karakana, kifaa cha maabara, chochote kinachoendeshwa na kadi ya ISA, aina ya kadi ya zamani ambayo mazabodi ya sasa haina pa kuichomeka. Mwenye kinu hataki kusikia habari za kompyuta mpya, anataka mizani isome kabla msimu haujafunguliwa. Ndiyo maana kijana anayejifunza ufundi leo, aliyezaliwa baada ya bodi hizi kuacha kutengenezwa, anaweza kujikuta ameshika moja mkononi, na kofia tatu za jampa zimedondoka mezani.

Watu wengi wanadhani umeme wa prosesa unapita ndani ya ile kofia. Haupiti. Pentium MMX ya megahezi 233 inaweza kula wati 17, ambazo kwa volti 2.8 ni ampea 6. K6 ya 233 inavuka wati 28, karibu ampea 9. Kipande cha plastiki chenye kibati chembamba ndani, kinachobana pini mbili zilizoachana milimita 2.54, hakikutengenezwa kubeba mzigo huo. Jampa ni konda anayegonga bodi ya daladala: hasukumi gari, anamwambia dereva afanye nini. Anayeendesha ni regyuleta, ile saketi iliyo jirani na soketi, inayopokea volti 5 kutoka kwenye paua na kuzishusha hadi namba iliyoambiwa.

Inaambiwaje? Chukua regyuleta rahisi yenye miguu mitatu, iliyopigwa skrubu kwenye hitisinki, yaani chuma cha kuipoza. Ndani yake kuna kipimo kisichobadilika cha volti 1.25. Nje yake kuna rezista mbili. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, ongeza moja, zidisha kwa 1.25, na hizo ndizo volti zinazotoka. Tuseme ya kwanza ni omu 100 na ya pili omu 164: 1.25 mara 2.64 ni 3.3. Mhandisi anaweka rezista nyingine kando, ya omu 508, inayosubiri kuunganishwa sambamba na ile ya 164. Kinachoiunganisha ni jampa. Kofia ikikaa, hizo mbili kwa pamoja zinakuwa omu 124, na hesabu inageuka kuwa 1.25 mara 2.24, yaani 2.8. Ni fizikia ya sekondari, haina uchawi wowote.

Tulia kidogo hapo kwenye mfano huo, maana una mtego. Kofia ikiwepo ni 2.8. Kofia ikipotea ni 3.3. Yaani jampa tupu ndiyo yenye volti kubwa. Fundi anayejiambia "ngoja niziondoe zote kwanza ili niwe salama" ameipandishia MMX joto kwa asilimia 39 bila kujua. Na si lazima kofia ipotee. Pini ikiota kutu kwa unyevu, au kibati cha ndani kikalegea kwa kuchomolewa mara nyingi, mgusano unakatika na regyuleta inaona hali ileile ya jampa tupu. Bodi iliyokaa miaka kwenye ofisi ya mwaloni, dirisha likiwa wazi kuelekea ziwani, sidhani inafaa kuwashwa kabla pini zake hazijasuguliwa kwa spiriti na kofia kubadilishwa. Ukifika hapo fungua na paua pia, upige brashi: wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa kwa makundi na kufuata taa usiku, hupenya kwenye matundu ya feni wakafia humo hadi wanakuwa mkeka.

Aina ya pili ya bodi inafuata mantiki tofauti kabisa. Humo regyuleta inasoma jampa kama tarakimu. Msingi ni volti 2.0, na kila jampa ina thamani yake: ya kwanza inaongeza 0.1, ya pili 0.2, ya tatu 0.4, ya nne 0.8. Ukitaka 2.2 unavalisha ya pili tu. Ukitaka 2.8 unavalisha ya nne tu. 2.9 ni ya nne na ya kwanza; 3.2 ni ya nne na ya tatu, 3.3 ni hizo mbili pamoja na ya kwanza. Zikivaa zote nne unapata 3.5. Kwenye bodi ya namna hii, jampa tupu ndiyo yenye volti ndogo kuliko zote.

Ziweke bodi hizo mbili mezani, moja ya rezista na moja ya tarakimu, na kwa macho hazitofautiani. Safu ya pini ni ileile, kofia ni zilezile, pengine hata jina la jampa ni lilelile, JP5 au J12. Nikiulizwa kosa lipi linaua bodi nyingi zaidi, nitataja hili la kunakili mpangilio wa bodi moja kwenda nyingine kwa sababu zinafanana. Hata bodi ya jina moja ikibadilika toleo, mpangilio unaweza kubadilika nao. Namba ya toleo imechapwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya nafasi za kadi au pembeni, baada ya herufi Rev. Isome pamoja na jina.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye chipu, si kwenye jampa. Igeuze, uisome.

AMD na Cyrix walirahisisha mambo: volti zimeandikwa juu ya chipu, za kiini na za pembeni, kwa mfano 2.9V CORE, 3.3V I/O. Kama kuna masizi ya ile dawa ya joto, futa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka maandishi yatokee. Intel inataka uvumilivu zaidi. Pentium za kawaida, zisizo na MMX, zina alama tumboni inayoanza na S, kisha mkwaju, kisha herufi tatu, kama SSS au VSU. Herufi ya kwanza baada ya mkwaju ndiyo inayotuhusu. S maana yake volti za kawaida, ambazo bodi nyingi huziita STD, na V maana yake ile ya juu kidogo, VRE, kati ya 3.4 na 3.6. Chipu ya V ukiiweka kwenye 3.3 haiungui. Itagoma kuwaka, au itawaka na kukwama katikati ya kazi, na wewe utahangaika na RAM siku nzima.

Alama isiposomeka kabisa, anza chini. Volti pungufu haziui prosesa, zinaifanya isiwake au iyumbe. Volti zilizozidi ndizo zinazotoboa tabaka nyembamba za ndani, na hizo hazizibwi. Panda hatua kwa hatua, kidole kikiwa karibu na hitisinki, na ukifika 2.9 simama ujiulize kama kweli unajua umeshika nini. Na kama bodi yako haina 2.2 kabisa, inaishia 2.8, basi K6-2 si ya bodi hiyo. Kuipa 2.8 ni kuizidishia joto kwa asilimia 60 na ushee, na kuwaka kwake leo hakukuambii chochote kuhusu mwezi ujao.

Jirani na jampa za volti kuna familia nyingine mbili za jampa, na hizi nazo huingizwa kwenye fundo moja na volti. Za kwanza zinapanga mwendo wa basi, ile njia ambayo prosesa inazungumza na bodi: 50, 60 au 66 za megahezi, na bodi za baadaye hadi 100. Za pili zinapanga kizidishio, yaani prosesa ikimbie mara ngapi ya mwendo huo. Basi la 66 mara 3.5 ndiyo 233. Ukikosea hizi, kwa kawaida matokeo ni mashine inayokwenda taratibu au isiyowaka. Unarekebisha, maisha yanaendelea. Lakini ona jambo hili: bodi nyingi za zamani hazina 3.5 kwenye jedwali lake, na bado 233 inakwenda. Unapanga 1.5. Pentium ya kawaida inaisoma hiyo kama 1.5, ila MMX ya 233 inaisoma kama 3.5. K6-2 nyingi nazo zinaisoma 2 kama 6, ndiyo maana K6-2 ya 400 inaweza kukimbia kwenye bodi ya 66, mradi volti zake zipo. Kofia haijasogea, bodi haijabadilika. Aliyebadilika ni msomaji. Mwenye neno la mwisho ni chipu, na ukilishika hilo, majedwali yaliyochapwa kwenye bodi hayakutishi tena.

Namna ya kuifanya kazi. Chomoa waya ukutani, usitosheke na kuzima. Paua ya ATX ikizimwa huku waya uko ukutani bado inapeleka volti 5 za kusubiri kwenye bodi, na kofia ikidondoka juu ya pini hizo unaweza kupata cheche usiyoitarajia. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja baada ya kuchomoa ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Kisha tafuta pini namba 1: kuna pembetatu ndogo, au mstari mnene wa rangi nyeupe upande mmoja, au ukigeuza bodi unaona risasi ya pini hiyo imekaa kwenye kitako cha mraba wakati nyingine ni za duara. Jedwali likisema 2-3 na wewe umehesabu kuanzia upande usio wake, umeweka 1-2.

Hatua ambayo wengi huiruka ndiyo naipenda kuliko zote: pima kabla prosesa haijaingia. Soketi ikiwa tupu, unganisha paua. Kama ni paua ya zamani ya AT yenye plagi mbili, waya nyeusi zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi, vinginevyo hakutakuwa na bodi ya kupima. Washa. Mguu mweusi wa mita uuweke kwenye waya mweusi wa plagi ya diski. Mguu mwekundu uuweke panapotoka umeme wa regyuleta. Kwa zile za miguu mitatu zinazotumika humu, mara nyingi bati la mgongoni ndilo lenye volti zinazotoka, na ndiyo maana hitisinki yake haitakiwi kugusa kasha. Kwa bodi zenye koili ya shaba iliyozungushiwa pete, pima mguu wa koili ulio mbali na transista. Umepanga 2.8 na mita inasoma 2.84? Vizuri, Intel inaruhusu 2.7 hadi 2.9 kwa MMX. Inasoma 3.4? Zima. Kofia mojawapo haigusi, au jedwali ulilonalo ni la bodi nyingine. Tahadhari moja tu: regyuleta za koili bila mzigo wakati mwingine husoma juu kidogo au hazijiwashi kabisa, kwa hiyo kwa hizo rudia kupima mara tu baada ya prosesa kuingia, mkono mwingine ukiwa kwenye swichi.

Zile za miguu mitatu, usishangae zikichemka sana. Inashusha kutoka 5 hadi 2.8 kwa kuzigeuza volti 2.2 kuwa joto tupu, na kwa ampea 6 hizo ni wati 13 zinazopotea hewani. Wati 13 kwenye kipande cha aluminiamu ukubwa wa kiberiti zinatosha kukuachia alama kidoleni. Za koili zinapoteza kidogo sana, na ndizo zilizoshinda.

Kama hujawahi kugusa Socket 7 na huna mpango wa kuigusa, bado swali hili litakufikia kwa mlango mwingine. Mafundi wa TV, kuanzia Makoroboi hadi Kirumba, wanafunga kila siku zile bodi za kichina za yunivaso: TV imekufa bodi, kioo kizima, unafunga bodi ya jumla, unapanga, inawaka. Kwenye bodi hiyo, karibu na soketi ya waya wa kioo, kuna jampa yenye maandishi 3.3V, 5V na 12V. Hiyo ni jampa ya volti kwa maana kamili, na hapo umeme wa kioo unapita ndani yake au kwenye saketi iliyo chini yake tu. Vioo vya laptopu kwa kawaida ni 3.3. Vya monita nyingi za inchi 17 na 19 ni 5. Vya TV za inchi 32 na kuendelea kwa kawaida ni 12. Neno "kwa kawaida" hapo usilipite haraka: namba ya kioo imebandikwa mgongoni mwake, na ndiyo ya kutafutia volti zake kabla kofia haijakaa. Kama bodi ya zamani bado inatoa umeme wa kioo, ipime kabla hujaitupa, nayo itakuambia jibu bila kubahatisha. Kioo cha 5 kikipata 12, kinachoungua kwanza ni ile bodi nyembamba ya pembeni mwa kioo, na mara nyingi bei ya kuitafuta haitofautiani sana na bei ya TV ya mtumba.

Kwenye bodi hizohizo ukubwa wa picha nao unapangwa, nyingine kwa jampa, nyingine kwa rimoti. Huo ukiukosea picha inapasuka vipande au inakuwa na rangi za ajabu. Hauui kitu. Cheza nao utakavyo, ila baada ya volti kuwa sawa.

Kwenye kompyuta, kazi ya kuwa mjumbe kati ya chipu na regyuleta ilianza kumtoka fundi mwishoni mwa mwaka 1995, Pentium Pro ilipokuja na pini nne za kutaja volti zake yenyewe. Pini nne zinatoa mipangilio 16. Pentium II mwaka 1997 ikaongeza ya tano, ikawa 32. Chipu inaingia, inataja namba, regyuleta inatii. Leo mazungumzo hayo hayafanyiki mara moja wakati wa kuwasha, yanaendelea muda wote mashine inapofanya kazi, volti zikipanda na kushuka kufuatana na mzigo, karibu na volti 1, na kwa prosesa kubwa ampea zinavuka 100. Hakuna jampa ambayo ingeweza kufuata mwendo huo.

RAM nayo imeshuka kwa njia yake, DDR 2.5, DDR2 1.8, DDR3 1.5, DDR4 1.2, na kuna pengo la plastiki linalozuia kizazi kimoja kuingia kwenye nafasi ya kingine. Isipokuwa DDR3 na DDR3L, ambazo pengo lao ni moja. Ile yenye L inatumia 1.35 na inavumilia 1.5. Isiyo na L kwenye laptopu inayotoa 1.35 tu, mara nyingi skrini inabaki nyeusi, na mwenye laptopu anaambiwa mazabodi imekufa.

Jampa utakazokuta kwenye mazabodi ya sasa ni chache. Kuna ya USB, inayochagua kati ya volti 5 za kawaida na zile 5 za kusubiri. Namba ni moja, tofauti ni kama simu itaendelea kuchaji kompyuta ikizimwa. Bodi ndogo za mashine za kaunta zina ya kioo, na hiyo ni 3.3, 5 au 12 kama kwenye TV. Na karibu zote zina ya kufuta mipangilio ya BIOS, ile programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi, iliyoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1. Hiyo haipangi volti yoyote, ila ndiyo mlango wa dharura wa aliyepanga vibaya, maana siku hizi volti za kiini hupandishwa kwenye menyu ya BIOS, na sheria ni zilezile za kuanza chini na kuisikiliza chipu. Ukizipandisha hadi mashine ikagoma kuwaka, chomoa waya, hamisha kofia kutoka 1-2 kwenda 2-3 kwa sekunde kumi hivi, kisha irudishe 1-2 ndipo uchomeke. Ukiiacha kwenye 2-3 bodi nyingi hukataa kuwaka kabisa, kwa hiyo mteja akikuletea mashine "iliyokufa" baada ya kupitia kwa fundi mwingine, angalia kofia hiyo kabla hujamtajia bei.